Sarafu Zilizokwepa Tanuri

Vitabu vya hesabu vya kiwanda cha sarafu cha Philadelphia vinaonyesha kwamba mwaka 1822 zilipigwa sarafu 17,796 za dhahabu za dola 5. Leo zinajulikana tatu tu. Mbili zimo katika hazina ya makumbusho ya Smithsonian, Washington, na haziuzwi. Ya tatu iliuzwa mnadani Machi 2021 kwa dola milioni 8.4. Wataalamu wengi wanaamini kwamba baadhi ya zile 17,796 zilipigwa kwa mihuri yenye tarehe ya mwaka uliotangulia. Hata tukilikubali hilo, pengo linabaki pana mno. Maelfu yalitoka kiwandani, na zilizobaki zinaenea kwenye kiganja cha mtoto.

Zilikwenda wapi?

Mtu asiyeijua shughuli hii hudhani kwamba bei ya sarafu adimu inatokana na dhahabu yake au umri wake. Lakini sarafu ile ya 1822 ina gramu 8 hivi za dhahabu safi, kiasi ambacho sonara yeyote angekitengenezea pete moja au mbili. Umri nao hausaidii sana. Sarafu ndogo za shaba za Dola ya Rumi zilizotimiza miaka 1,700 bado zinapatikana kwa bei ya mlo wa mgahawani, kwa sababu zimefukuliwa kwa wingi. Anachokinunua mkusanyaji wa dhahabu ya Marekani ya karne ya 19 ni kunusurika. Ndiyo maana kila anapoishika sarafu huwa na maswali mawili: wenzake wangapi wamebaki, na huyu mmoja alibakije?

Jibu la kwanza limo katika sheria. Bunge la Marekani lilipoanzisha sarafu za taifa Aprili 1792, liliamua kwamba uzani mmoja wa dhahabu uhesabiwe sawa na uzani 15 wa fedha. Sarafu ya dola 10 iliitwa tai, ya dola 5 nusu tai, na ya dola 2.50 robo tai. Za kwanza zilitoka mwaka 1795. Hesabu ile ya 15 haikudumu kuwa na maana, kwani Ufaransa iliihesabu dhahabu kwa 15.5, na bei yake sokoni ikazidi kupanda. Aliyekuwa na nusu tai mkononi alipata zaidi kwa kuivusha bahari kuliko kwa kuinunulia kitu nyumbani. Kufikia miaka ya 1820 madalali wa pesa walikuwa wakizikusanya zikiwa bado mpya, wakizipakia kwenye meli za kwenda Ulaya, na huko zikiishia tanurini kama dhahabu nyingine yoyote.

Juni 1834 Bunge lilirekebisha mizani. Nusu tai ikapunguzwa kutoka gramu 8.75 hadi 8.36, na usafi wa dhahabu yake nao ukashushwa. Marekebisho hayo yaliirudisha dhahabu katika mzunguko, ila yalizimaliza sarafu za zamani. Nusu tai ya zamani sasa ilikuwa na dhahabu ya zaidi ya dola 5.30, na mwenye akili timamu hakuwa na sababu ya kuitumia kwa dola 5. Mchonga mihuri William Kneass aliiondoa kaulimbiu ya Kilatini iliyokuwa juu ya picha ya tai, ili karani wa benki atofautishe ya zamani na mpya kwa kutupia jicho tu. Tangu siku hiyo, sarafu yenye kaulimbiu ilikuwa imekwisha kuhukumiwa.

Basi sarafu ya 1822 si adimu kwa sababu zilipigwa chache. Ni adimu kwa sababu ilikuwa na faida kuiharibu. Louis Eliasberg, mwekezaji wa Baltimore, alilifahamu hilo kuliko wengi. Mwaka 1942 alinunua kwa mkupuo mmoja mkusanyo wa familia ya Clapp kwa dola 100,000, na kufikia mwaka 1950 alikuwa amekamilisha mkusanyo wenye kila tarehe na kila alama ya kiwanda ya sarafu za Marekani zilizojulikana wakati huo. Dhahabu yake ilipopigwa mnada Oktoba 1982, nusu tai ya 1822 ilichukuliwa kwa dola 687,500. Ni sarafu hiyohiyo iliyorudi mnadani mwaka 2021. Katika miaka 39 haikuongezeka hata chembe ya dhahabu. Ila dunia ilikuwa imepata muda wa kutosha wa kumtafuta mwenzake wa nne, na hakupatikana.

Rais aliyetia saini sheria ya 1834 alikuwa Andrew Jackson, na serikali yake ndiyo iliyolifikisha tai la dhahabu kwa mtawala asiyehitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kiswahili. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire, alikutana na Sayyid Said bin Sultan Unguja mwaka 1828, wakazungumza juu ya biashara. Septemba 1833 alirejea kwake, safari hii Maskati, akiwa mjumbe wa Jackson, na mkataba wa urafiki na biashara ukatiwa saini. Ulipofika wakati wa kubadilishana hati za uthibitisho, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliagiza, Novemba 1834, zitengenezwe seti za sarafu za kila aina kuwa zawadi kwa Sayyid Said na kwa mfalme wa Siam.

Hapo mafundi wa Philadelphia wakakwama. Tai la dola 10 na dola ya fedha vilikuwa havijapigwa kwa miaka 30, na kwa mujibu wa vitabu, mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1804. Wakachonga mihuri mipya na kuiandika 1804. Zawadi ilifika Maskati mwaka 1835, na miaka miwili baadaye Marekani ikawa na konseli wake Unguja. Seti ya Siam, tai lake la dhahabu likiwamo, iliibuka London mwaka 1962. Dola ya fedha ambayo watafiti waliifuatilia hadi kwenye seti ya Sayyid Said iliuzwa mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 4.

Mthamini makini huyatofautisha matai mawili ya 1804 bila kupapasa. Katika lile lililopigwa kweli mwaka huo, mkono wa tarakimu 4 unaishia kwa kistari kidogo cha wima. Katika lile la kidiplomasia, mkono wa 4 ni mtupu. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko punje ya ufuta, na inamfundisha anayeanza jambo ambalo vitabu vya bei havilisemi mapema: tarehe iliyoandikwa kwenye sarafu ni dai, na dai huchunguzwa.

Jina la Jackson linaandama pia sarafu ambazo wakusanyaji wengi huzipenda kwa moyo wote, zile zenye alama ndogo ya D au C. Mwaka 1799 mtoto aitwaye Conrad Reed aliokota kijitoni, North Carolina, jiwe zito la ratili 17. Kwa miaka mitatu familia yake ililitumia kuzuilia mlango, kisha ikaliuza kwa sonara kwa dola 3.50. Lilikuwa bonge la dhahabu. Mwishoni mwa miaka ya 1820 dhahabu ilionekana Georgia pia, katika nchi ya Wacherokee, na watafutaji wakamiminika. Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji mwaka 1830. Mwaka 1832 Georgia iliigawa ardhi yao kwa bahati nasibu, na viwanja vya dhahabu vikawa vya ekari 40 kila kimoja.

Kiwanda cha serikali huko Dahlonega, Georgia, kilipiga sarafu zake za kwanza Aprili 1838. Mwezi uliofuata wanajeshi wakaanza kuwatoa Wacherokee majumbani mwao kwa mtutu wa bunduki na kuwakusanya kambini, tayari kwa safari ya magharibi iliyoua maelfu. Nusu tai 20,583 zilitoka Dahlonega mwaka huo, zote za dola 5, zote zenye herufi D. Anayeishika moja leo ameshika dhahabu ya ardhi iliyokuwa ikiporwa wakati mhuri unashuka. Katalogi ya mnada huandika daraja la sarafu, rangi yake na majina ya wamiliki wake wa awali. Mkusanyaji mwenye dhamiri huusoma pia mwezi wa Mei 1838, na hakuna daraja linaloufuta.

Sarafu hizo za Dahlonega, pamoja na za Charlotte zenye herufi C, ndizo zinazompima mthamini kuliko zote. Viwanda hivyo viwili vilipiga dhahabu peke yake kuanzia 1838 hadi 1861, mbali na mitambo bora ya Philadelphia, na mara nyingi mihuri ilishuka bila nguvu ya kutosha. Manyoya ya shingo ya tai yanaweza kuonekana yamefutika hata kwenye sarafu ambayo haijawahi kulala mfukoni mwa mtu. Asiyezijua ataiita imechakaa. Anayezijua huuliza kwanza: je, mahali hapa palilika, au hapakuwahi kujaa?

Kulitofautisha hilo ndiyo kazi yenyewe. Mthamini huishika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa laini, chini ya taa moja, akiigeuzageuza polepole. Mhuri unapoigonga dhahabu, madini hutiririka kutoka katikati kwenda pembeni na kuacha mistari midogo isiyoonekana kwa jicho. Hiyo ndiyo inayozaa mng'ao wa sarafu mpya, nuru inayokimbia kwa mzunguko sarafu inapogeuzwa. Vidole na mifuko huanza kuimaliza mistari hiyo mahali palipoinuka. Katika sura ya mwanamke aitwaye Uhuru, iliyochongwa na Christian Gobrecht na iliyoanza na tai la mwaka 1838, mthamini hutazama nywele za juu ya jicho na sikio, ncha ya taji, na kifundo cha nywele kisogoni. Upande wa pili hutazama shingo ya tai na kingo za mabawa. Mng'ao ukikatika hapo na kubaki kwenye mabonde yaliyo kati ya herufi, sarafu ilitumika kidogo. Ukibaki hapo pia, haikutumika, hata kama ina makovu.

Na makovu hayakosi. Dhahabu hizi zina shaba sehemu moja kwa kumi, lakini bado ni laini, na zilisafirishwa kwenye mifuko zikigongana. Sarafu ya dola 20, yenye gramu 33.4, iliipiga jirani yake kwa uzito wote huo. Ndiyo maana mashavu yaliyo safi kabisa ni machache mno.

Makosa makubwa zaidi hufanywa na watu wanaozipenda. Sarafu iliyosuguliwa ili ing'ae ina mikwaruzo myembamba, yote ikielekea upande mmoja, inayojitokeza taa inapoinamishwa. Iliyowahi kuwa kidani ina alama ya risasi ya kuchomelea kwenye meno ya ukingoni, hata fundi awe hodari kiasi gani katika kuificha. Iliyochovywa kwenye dawa imepoteza ule utando mwekundu au wa kahawia ambao miaka 150 iliujenga. Kwa mkusanyaji mzoefu, sarafu yenye uchafu wake wa asili ni bora kuliko inayomeremeta, kwa sababu uchafu huo ni ushahidi kwamba hakuna aliyeingilia kati.

Ghushi nayo ina historia yake. Katika karne ya 19, wakati platini ilikuwa rahisi kuliko dhahabu, kulikuwa na watu waliopiga sarafu za platini na kuzipaka dhahabu, kwa kuwa uzito wake ulikaribia ule wa kweli. Leo sarafu hizo bandia zina wanunuzi wake. Katika miaka ya 1960 na 1970, Lebanon ilitoa sarafu nyingi za kughushi zenye dhahabu halisi ya kiwango kinachotakiwa. Mizani haiwezi kuzifichua. Faida ya mghushi ilikuwa ile bei ya ziada inayolipwa juu ya dhahabu. Kinachomsaliti ni kovu. Mghushi hutengeneza mhuri wake kwa kunakili sarafu ya kweli, na kila mkwaruzo wa sarafu ile huingia kwenye mhuri, halafu hujirudia kwenye kila nakala. Mthamini anapoona robo tai mbili zenye kidonda kilekile mahali palepale, hahitaji ushahidi zaidi. Ajali haitokei mara mbili kwa umbo moja.

Ili watu waweze kununua kwa kuaminiana, ilibidi hukumu hizi zigeuzwe tarakimu. Mwaka 1949 William Sheldon alitoa kitabu juu ya senti za zamani za shaba za Marekani, akapendekeza vipimo vya 1 hadi 70, kwa wazo kwamba senti yenye daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Hesabu hiyo ya bei ilikufa upesi, lakini vipimo vikabaki na kuhamia kwenye dhahabu. Kampuni ya PCGS ilipoanza mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, sarafu zikaanza kutiwa kwenye makasha magumu ya plastiki yenye daraja lililoandikwa juu. Daraja la 60 na kuendelea ni la sarafu ambayo haikutumika. La 58 ni la iliyoguswa kidogo sana. Kwa baadhi ya tarehe, hatua hiyo fupi hubadilisha bei kwa makumi ya maelfu ya dola.

Pesa za namna hiyo zina vishawishi vyake. Wapo wanaolipasua kasha na kuirudisha sarafu ipimwe upya, wakitumaini jicho jingine litaongeza namba moja. Kila irudipo huweza kuhesabiwa tena, na takwimu za kampuni zikaonyesha sarafu tano pale zilipo tatu. Kwa hiyo hata hesabu ya zilizobaki, iliyo msingi wa bei zote, inahitaji mtu wa kuihoji: alinganishe picha, afuatilie minada ya zamani, aitambue sarafu kwa makovu yake na kusema, hii ndiyo ile ya mwaka fulani iliyorudi na sura mpya.

Kuna pia mahali ambapo vitabu vya kiwanda havina neno. Aprili 1861 kiwanda cha Dahlonega kilitekwa na waasi wa Kusini, nao wakatumia dhahabu na mihuri waliyoikuta kupiga sarafu ndogo za dola 1. Hakuna idadi iliyoandikwa. Kwa nusu tai ya 1822 vitabu vinasema na sarafu hazionekani. Kwa dola ya Dahlonega ya 1861 sarafu zipo na vitabu vimenyamaza, na wathamini wamelazimika kuanza na zilizo mkononi ili wakisie zilizopigwa.

Ukizitazama kwa muda mrefu, sarafu hizi zinaonyesha mpangilio mmoja wenye uzito. Inayotumika hulika. Inayorudi benki huyeyushwa. Inayobaki nzima, yenye mng'ao wake wote, mara nyingi ni ile iliyokatishwa safari, na safari ikikatishwa kwa namna hiyo, kuna mtu aliyepatwa na jambo.

Septemba 12, 1857, meli SS Central America ilizama katika kimbunga mbali na pwani ya Carolina, ikiwa na dhahabu ya California na watu ambao 425 hivi kati yao walikufa. Wiki hizo mabenki ya New York yalikuwa yakitetereka, na kupotea kwa shehena ile kulizidisha hofu. Mwaka 1988 mabaki yalifikiwa, zaidi ya mita 2,000 chini ya bahari. Humo mlikuwa na sarafu zaidi ya 5,000 za dola 20 zilizopigwa San Francisco mwaka uleule wa 1857, nyingi zikiwa zimepangwa kama zilivyotoka kwa mtunza hazina. Kabla ya hapo, mkusanyaji aliyetaka sarafu ya aina hiyo ikiwa mpya alitafuta kwa miaka. Baada ya hapo ikawa dhahabu ya zama hizo iliyo rahisi kuliko zote kupatikana ikiwa safi. Adimu iliacha kuwa adimu, kwa sababu ya vifo ambavyo hakuna aliyevikumbuka alipokuwa akiipima.

Nchi kavu ina mifano yake. Mwaka 1933, katika kiza cha anguko la uchumi, Rais Franklin Roosevelt aliamuru wananchi wasalimishe dhahabu zao, akiziacha tu zile zenye thamani ya pekee kwa wakusanyaji, pamoja na kiasi kidogo kwa kila mtu. Sarafu zisizohesabika za karne iliyotangulia zikayeyushwa kuwa mikuo na kufungiwa ghalani. Nyingi za dola 20 zilizopona zilikuwa zimelala katika mabenki ya Ulaya, na miongo iliyofuata wafanyabiashara walizirudisha mfuko baada ya mfuko. Mwaka 2013, mume na mke waliokuwa wakitembea na mbwa katika shamba lao California waliona kopo likichungulia ardhini. Humo na katika makopo mengine walikuta sarafu 1,427, za kuanzia 1847 hadi 1894, zenye jumla ya dola 27,980 kwa bei iliyoandikwa juu yake. Thamani yake sokoni ilikadiriwa kufika dola milioni 10. Aliyezifukia hajulikani. Alichimba kwa uangalifu, akaongeza mwaka baada ya mwaka, na kwa sababu fulani hakurudi kuzifukua.

Hapa ndipo vipimo vya 1 hadi 70 vinapohitaji kusaidiwa. Vinaiheshimu zaidi sarafu ambayo haikufanya kazi yake, iliyolala koponi au baharini. Ile ya Dahlonega iliyolika hadi daraja la 30 ililipa mishahara, ilinunua unga na nyumbu, ilihesabiwa mezani na watu ambao hawakuandikwa popote. Soko lina haki ya kuulipia mng'ao, kwa kuwa mng'ao ndio uliopotea kwa wingi zaidi. Lakini mthamini anayeandika namba peke yake amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika ilitoka wapi, ilipita kwa nani, ililala wapi na kwa nini, maana kasha la plastiki halihifadhi mambo hayo, na mnada mmoja wa haraka unatosha kuyapoteza.

Nusu tai ya San Francisco ya mwaka 1854 inazikusanya hoja hizi zote mahali pamoja. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka huo kuihudumia dhahabu ya California, iliyoonekana kwa mara ya kwanza Januari 1848. Dhahabu ya huko ilikuwa imechanganyika na fedha, na tindikali za kuzitenganisha zilikuwa haba, hivyo zikapigwa nusu tai 268 tu. Thamani ya zote kwa pamoja ilikuwa dola 1,340. Kwa miongo mingi zilijulikana tatu: moja imo Smithsonian, nyingine iliibwa Florida mwaka 1967, na ya tatu ilikuwa katika mkusanyo wa Eliasberg.

Mwaka 2018 mkazi mmoja wa New England alipeleka kwa NGC sarafu ambayo wafanyabiashara walikwisha kumwambia kuwa ni bandia. Kwa hesabu ya uwezekano, hawakuwa wajinga. Nyingi zinazoletwa zikidai jina hilo ni bandia kweli, au ni za Philadelphia zilizobandikwa herufi S. Wathamini waliiweka kando ya picha za ile ya Smithsonian, wakalinganisha tarehe, herufi na dosari za mihuri, na vyote vikaafikiana. Agosti mwaka huo iliuzwa Philadelphia kwa dola milioni 2.16.

Daraja lake lilikuwa 45. Maana yake ilikuwa imetumika: nywele za Uhuru zilikuwa zimelika kidogo, na mng'ao umebaki kwenye mabonde tu. Haikuwa imefukiwa na mchoyo wala kuzamishwa na kimbunga. Ilipita mikononi mwa watu wa kawaida kama dola 5 nyingine yoyote, na hakuna aliyeipeleka tanurini, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ilikuwa na tofauti. Zimebaki 264 ambazo hazijaonekana. Karibu zote, bila shaka, ziliyeyushwa zamani. Lakini mfanyabiashara atakayeletewa ijayo na mtu atakayesema ameikuta katika vitu vya babu yake, sasa ana sababu ya kuiweka chini ya lenzi kabla ya kumjibu.